Cherehani yangu ni ya miguu

Wanaonifahamu pale Magomeni, Mtwara mjini, wameshazoea kuniona natembea kama mtu aliyesahau kitu nyuma na anasita kukirudia. Ni mguu wa kulia. Wengine huniuliza, wengine huona haya wakaniangalia tu ninavyopanda bajaji. Miezi ya karibuni watu watatu wamenipigia kwa sababu ndugu zao wamegongwa na wamesikia kwamba mimi "nilipata hela ya bima". Nimeeleza kwa simu mpaka sauti imekauka. Naandika mara moja, kila mtu asome.

Ilikuwa Jumamosi, 14 Oktoba 2023, Siku ya Nyerere. Sikukuu hiyo ni ya wenye ajira, sisi wa cherehani tunashona. Nilikuwa napeleka Naliendele magauni sita ya arobaini, kitambaa kimoja, saizi sita, yamepigwa pasi na kukunjwa ndani ya kiroba kipya. Bajaji ilinishusha nikabakiza mwendo mfupi, nikawa natembea pembeni mwa lami upande wa kulia, uso kwa uso na magari, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Kwa hiyo niliiona.

Pikapu nyeupe, nyuma ina magunia matupu. Ilikuwa inakuja kama mtu anayetafuta sindano, mara huku, mara kule. Nikasema moyoni huyu atanyoosha. Hakunyoosha. Nilirukia mtaroni, mwili ukafika, mguu ukachelewa. Sauti niliyoisikia si ya bampa, ni ya mfupa wangu mwenyewe, na sitaieleza zaidi ya hapo kwa sababu hata sasa nikikata kitambaa kigumu kwa mkasi inanirudia.

Dereva alishuka mwenyewe, sikatai. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Akasimama juu yangu, akasema, "Mama, samahani, mimi nimekunywa juisi tu."

Kwa wasio wa huku: msimu wa korosho una tunda lake, bibo. Likikamuliwa asubuhi ni juisi, tamu, hata mtoto anapewa. Likilala, kesho yake si juisi tena, ni uraka, na uraka ukilala nao una mambo yake. Ukipikwa na kutoneshwa unakuwa nipa, ile ambayo polisi wanaifuata vichakani. Bibi yangu alikamua uraka maisha yake yote na hela ya uraka ilininunulia daftari, kwa hiyo simlaani mtu kwa kunywa. Ninacholaani ni ufunguo wa gari. Na juisi ya kijana yule ilikuwa na siku tatu kama haina nne, nilivyoisikia harufu yake nikiwa nimelala mtaroni.

Aliyeniokoa hana habari kwamba aliniokoa. Kijana wa bodaboda alisimama, akachomoa ufunguo wa pikapu akauweka mfukoni, halafu akatoa simu akapiga picha: namba ya gari mbele, namba ya gari nyuma, kioo cha mbele chenye stika, mimi mtaroni, magurudumu yalivyokaa. Mimi nikamwona mshenzi, mtu nimevunjika yeye anapiga picha. Baadaye aliziweka zote kwenye simu ya mdogo wangu. Zile picha zilikuja kuwa na thamani kuliko pole zote nilizopewa.

Trafiki walifika, wakampulizisha kijana kipima ulevi. Sheria ya Usalama Barabarani imeweka kikomo, miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kijana alikuwa ameupita kwa mbali, na afande akaandika hivyo. Mimi nikapelekwa hospitali ya Ligula. Walinipokea kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mdogo wangu akaifuata kituoni. Eksirei ikaonyesha mfupa wa muundi umekatika sehemu mbili. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia vidole mpaka juu ya goti.

Siku ya nne, nikiwa nyumbani mguu juu ya mto, wakaja wageni. Mwenye gari, mtu mzima, mfanyabiashara, na mke wake, na mzee mmoja wa kuongoza maneno. Kijana aliyenigonga ni mpwa wake. Shikamoo zikapita, mke akaweka kapu la machungwa na kuku hai kona ya chumba. Mzee akaanza mbali: sisi watu wa kusini ni wamoja, ajali haina kinga, kijana analia usiku kucha. Akazunguka weee, akatua. Walikuwa na shilingi 300,000 kwenye bahasha na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mimi fulani nimepokea fedha hizi, nimesamehe, sitamdai mtu yeyote kitu chochote kutokana na ajali hii.

Nataka niwe mkweli hapa, maana wengine mkisimulia yenu mnajifanya mlikuwa na akili tangu mwanzo. Nilichukua kalamu. Ndani kulikuwa na shilingi 11,000 na unga wa siku mbili. Kilichonizuia ni kuku. Alifungua kamba, akaruka juu ya hogo, watu wakaanza kumkimbiza, na katika vurugu ile mdogo wangu wa kiume akaichukua ile karatasi akaisoma kwa sauti. Alipofika "kitu chochote" akasimama. Akauliza, "Gari liko wapi sasa hivi, baba?"

Mwenye gari akajibu liko kituoni, polisi hawajaliachia. Hapo ndipo tulipoelewa wote tuliokuwa chumbani. Ilikuwa Oktoba, korosho zinashuka, maghala yanafunguliwa, minada inakaribia. Kila siku pikapu ikilala kituoni ni hela inapotea. Hawakuja kwa sababu ya mguu wangu, walikuja kwa sababu ya gurudumu lao. Simlaumu, biashara ni biashara. Lakini karatasi sikusaini. Machungwa tulikula, kuku tulimrudisha.

Mdogo wangu ana kagari kadogo na kila mwaka analipia bima ndogo, wakati ule shilingi 118,000 pamoja na VAT. Huwa analalamika kwamba ni hela ya kumridhisha trafiki barabarani. Usiku ule ndipo alipojiuliza kwa mara ya kwanza ni bima ya nani. Inaitwa bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni. Wa tatu ni nani? "Dada," akasema, "wa tatu ni wewe."

Akachukua namba ya gari kwenye ile picha ya kijana wa boda, akaingia kwenye mtandao wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, sehemu ya kuhakiki stika. Ikatoka: kampuni gani, bima inaanza lini, inaisha lini. Ilikuwa hai. Dakika mbili, bila kumwuliza mwenye gari, ambaye siku ile kila tulipomwuliza habari ya bima alikuwa anahamia kwenye habari za Mungu. (Nilivyotaja bima kwa majirani, wote walidhani nasema ya afya. Mmoja aliniletea mpaka kadi yake ya CHF. Neno bima kwetu maana yake ni dirisha la hospitali tu.)

Mwanzoni mwa Novemba nikaenda kwenye ofisi ya ile kampuni, kwa magongo. Jina sitalitaja, na hakuna haja, maana nimesikia hadithi kama yangu kutoka kwa wateja wa kampuni nyingine. Kumbe mwenye gari alikuwa hajatoa taarifa ya ajali, na mkataba wake unamtaka aitoe mapema. Nikaitoa mimi. Nikaambiwa nilete vitu: PF3 iliyojazwa na daktari, ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, ukaguzi wa gari, ripoti ya hospitali, risiti, kitambulisho. Kwa mtu mwenye magongo kila kitu kati ya hivyo ni safari, na kila safari ni bajaji ya kwenda na kurudi, na kila bajaji haitoi risiti. Nilianza kuandika nauli kwenye daftari, tarehe na kiasi, na nikimkuta dereva mwenye roho nzuri anatia saini pembeni.

Kesi ya kijana haikuchukua muda. Alikiri kosa, akatozwa faini. Watu wa mtaani walichukia, walitaka afungwe. Mimi nilikuwa nataka kitu kingine, nakala ya hukumu. Kama kuna mtu amegongwa na anasoma hii, fuatilia nakala ya hukumu kama unavyofuatilia mshahara. Mahakama ikishasema huyu alikuwa na kosa, ni vigumu mtu kuja kukwambia kwenye madai kwamba dereva hakukosa.

Nikapeleka faili lote mwanzoni mwa Desemba. Afisa wa madai, kijana mtanashati, ananiita mama ingawa tunalingana, akafungua, akasoma, akafika kwenye ripoti ya polisi. Akaweka kidole kwenye mstari unaosema dereva alikuwa amelewa. Akageuza faili nione.

"Mama, pole sana. Hapa tatizo lipo. Dereva akiwa amelewa, bima haihusiki. Imeandikwa kwenye mkataba."

Akanionyesha mkataba. Kweli imeandikwa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimehangaika wiki saba kuthibitisha kwamba mtu yule alikuwa amelewa. Nilikuwa nashukuru kile kipima ulevi kama mtakatifu. Na sasa ulevi ule ule ndio unaoninyima. Maana yake, kama angenigonga akiwa na akili timamu ningelipwa, ila kwa kuwa alikosa zaidi, mimi sipati kitu. Nilitafuta mantiki yake nikaikosa, nikadhani ni kwa sababu sikusoma sana.

Mtaani kwetu yuko msaidizi wa kisheria, mwalimu mstaafu, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hatozi hela. Anakaa barazani na kashata zake. Nilimpelekea suruali ya kupunguza, nikamweleza kwa kupitia tu, kwa kuwa nilishakata tamaa. Akaniuliza swali la ajabu.

"Mteja akikuletea kitambaa, mwanao akakimwagia chai, mteja anamdai nani?"

Nikasema, "Ananidai mimi."

"Ukimwambia mteja, mimi nilishamkataza mtoto kunywa chai karibu na cherehani, kwa hiyo sikulipi?"

Nikacheka. Nikasema atanipiga.

"Basi. Wewe na mwanao mtajuana nyumbani. Ule mkataba uliooneshwa ni wa kampuni na mwenye gari. Wewe uliusaini lini?"

Kisha akanisomea, taratibu, kwa miwani yake iliyofungwa uzi. Bima hii ya lazima imewekwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na imewekwa kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu wengine, sio kwa ajili ya starehe ya mwenye gari. Mahakama ikishampa hukumu mtu aliyeumizwa, kampuni iliyotoa bima ndiyo inayolipa, hata kama mteja wake amevunja masharti yao. Halafu kampuni ina ruhusa ya kumgeukia mteja wake imdai ilichotoa. Akanionya mambo mawili. La kwanza, ukifungua kesi ni lazima kampuni ipewe taarifa mapema, usije ukashinda kesi wao wakasema hatukujua. La pili, muda wa kudai madhara kama haya ni miaka 3, usilale.

"Kwa hiyo yule kijana alinidanganya?" nikauliza.

"Hakukudanganya. Alikusomea ukurasa wa mwenzako."

Sentensi hiyo nimeiandika kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma wa chumba changu cha kushonea.

Hatukukimbilia mahakamani. Mwalimu aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni, bila matusi, ikitaja Sura ya 169 na kuwaomba waandike kwa maandishi sababu ya kukataa. Kwa maandishi, hapo ndipo penye kazi. Mdomo ulikuwa mwepesi, lakini barua ya kukataa haikuja. Wiki zikapita. Januari tukaenda ofisi ya TIRA ya kanda, iko hapahapa Mtwara, tukapeleka malalamiko na nakala ya kila kitu. Mwalimu alikuwa ameshaniambia kwamba hapo pakishindikana kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, naye huna haja ya wakili kumfikia. Hatukufika huko. Siku chache baada ya malalamiko kupokelewa, simu ikaita. Yule yule kijana mtanashati. "Mama yangu, habari za mguu?" Mimi nikajua mguu umepata cheo.

Sasa ikaja sehemu ambayo hakuna aliyenionya. Kukubali kulipa ni jambo moja, kulipa kiasi gani ni mlima mwingine.

Matibabu yalikuwa rahisi, risiti zipo, shilingi 412,000. Nauli 186,000, kwa daftari langu la bajaji, walinung'unika, wakakubali. Magauni sita waliyakataa, wakasema wanazungumzia mwili, mali ina habari zake. Vitambaa vyake alikuja kunilipa mwenye gari mwenyewe, sikutegemea, na siku ile nilimwona mtu mwingine kabisa bila yule mzee wa maneno.

Ugomvi ulikuwa kwenye kipato. Wao wanataka karatasi ya mshahara. Mimi sina mshahara, nina kaunta buku. Nimeshona miaka 16 na kila oda naiandika: jina la mteja, vipimo, bei, kilicholipwa, kilichobaki, tarehe ya kuchukua. Nililiweka mezani, limevimba, lina madoa ya mafuta ya mashine, katikati kuna vipande vya vitambaa nilivyobandika kwa pini ili nisichanganye oda. Kijana akalifungua kwa ncha za vidole.

Halafu akauliza, na ninaamini hakuwa na nia mbaya, "Lakini mama, kushona si ni kazi ya mikono? Mguu umezuiaje?"

Nilimwambia aje Magomeni, nitamwonyesha. Alikuja kweli, Februari, Alhamisi, na begi la kompyuta. Mimi hogo la pili lilikuwa limetolewa (la kwanza nilikaa nalo wiki sita, mfupa ukagoma kuunga vizuri, nikafungwa tena wiki nne), mguu umekuwa mwembamba kama mpini, hauwezi kukanyaga kitu. Nikamkalisha kwenye stuli yangu. Nikatunga uzi, nikaweka kipande cha kaniki chini ya sindano, nikamwambia, shona mstari mmoja.

Cherehani ya miguu ina adabu yake. Unaligusa gurudumu la juu kwa mkono wa kulia, unalielekeza kwako, na wakati huohuo unapokea mwendo kwa mguu, kisigino na vidole vinapokezana kama mtu anayebembeleza mtoto. Ukikanyaga kwa pupa, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota chini na kukatika. Kijana akakanyaga. Taa! Uzi ukakatika. Nikatunga tena. Akakanyaga, gurudumu likarudi nyuma, sindano ikaruka, kaniki ikakunjamana. Mara ya tatu akavua kiatu. Wanangu wawili walikuwa mlangoni wanaziba midomo.

Akauliza mbona nisifunge mota. Nikamwambia niletee. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, na sikuuliza nini.

Kuhusu kiasi, walitaka kuchukua wastani: mwezi wa kawaida faida yangu ni kama shilingi 300,000, mara miezi 5, basi. Nikamfungulia Januari 2023. Fundi yeyote wa nchi hii atakwambia, Januari si mwezi, ni mavuno. Shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare jana. Kurasa tisa mfululizo, sketi, kaptula, mashati, faida yake 700,000. Januari 2024 mimi nililala kitandani nikisikiliza cherehani ya fundi wa nyumba ya pili ikikimbia mpaka saa sita usiku, na najua wateja wale ni wangu, nilizisikia sauti zao. Hesabu yangu ikawa miezi minne ya kawaida, 1,200,000, na Januari 700,000. Wakaikubali, 1,900,000. Daftari la madoa lilishinda.

Kwa maumivu na ulemavu niliomba 3,000,000. Daktari ameandika mguu utabaki mfupi kidogo, na asilimia yake kaiandika. Hapo hapana risiti. Mtu anakuuliza maumivu yako ni shilingi ngapi na wewe unatakiwa ujibu bila kulia. Mwanzoni kabisa walitaka kunipa 900,000 kwa kila kitu, nimekuta watu wengi wanaanziwa hapo au chini ya hapo, wanachukua kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri. Nilitetemeka nikakataa. Mwalimu alikuwa pembeni anakula kashata, hakusema neno, ila alikohoa. Tukapanda, wakapanda, nikashuka. Tulikutana kwenye 3,600,000 kwa jumla.

Kabla ya kulipwa unasaini karatasi inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho, huna dai lingine. Ukiitazama, ni ndugu wa ile karatasi ya kuku. Tofauti ni kwamba hii niliisaini baada ya daktari kusema mfupa umeunga na hauhitaji upasuaji. Ningesaini ile ya Oktoba, wiki nne za hogo la pili zingekuwa juu yangu, na Januari yangu, na kila kitu. Usisaini mfupa ukiwa bado haujasema neno lake.

Hela iliingia Mei 2024. Nililipa madeni, ya dukani kwanza. Mota sikununua, nilinunua cherehani ya pili, ya miguu vilevile, na msichana mmoja wa Mikindani anajifunza juu yake. Mimi naanza kukanyagia kushoto, kulia kunasaidia tu.

Mwenye gari nilikutana naye soko kuu miezi ya baadaye. Kampuni imemwandikia barua, inamdai ilichonilipa, kwa sababu ya ule mstari wa ulevi. Alikuwa na hasira, akaniambia, "Dada, umeniponza." Nilimwambia aende kwa mpwa wake. Akasema mpwa wake yuko Newala, simu haipatikani. Tukasimama pale katikati ya mafungu ya dagaa, hakuna mwenye la kusema, mpaka muuza dagaa akatuuliza kama tunanunua au tunaziba njia.

Karatasi zangu zote ninazo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati: PF3, ripoti, hukumu, barua ya Mwalimu, barua kwa TIRA. Mwenye ndugu aliyegongwa aje azione zilivyo, atoe na nakala, steshenari iko nyumba ya tatu. Ila asije Januari. Januari nashona sare.